Hata Mbachao Uliwahi Kuwa Mgeni

Mrengu wetu wa kwanza uliyeyuka. Sitanii. Tulikuwa tumechonga kielea cha pembeni cha ngalawa kwa lile povu gumu jeupe linalokuja na friji mpya, ndilo hilo hilo la maboksi ya kusafirishia minofu ya sangara. Tukakivika kitambaa cha nyuzi za kioo, tukakoroga resini ya poliesta tuliyoipata kwa bei nafuu, tukapaka. Dakika chache baadaye kitambaa kikaanza kubonyea. Ndani yake povu lilikuwa linaliwa, na kielea kikalala kama samaki aliyetolewa mifupa. Ndani ya poliesta mna kimiminika kiitwacho staireni, na povu lile nalo limetengenezwa kwa staireni. Ukivikutanisha, kimoja humyeyusha mwenzake. Epoksi haifanyi hivyo. Nilisoma uhandisi kwa miaka minne, na jambo hilo nikajifunza chini ya mwembe, Misungwi, mbele ya watoto waliokuwa wanajishika mbavu.

Kicheko cha watoto hakikuniuma. Mtoto hucheka kinachochekesha. Zilizoniuma ni sentensi mbili nilizoambiwa wiki hiyo hiyo na watu wazima, mmoja msomi mwenzangu, mwingine mzee wa mwaloni. Msomi alisema, "Sasa si mnunue tu boti ya faiba?" Mzee akasema, "Mjukuu wangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Ukizisikia haraka utadhani zinapingana: moja inataka kitu kipya kutoka dukani, nyingine inataka cha zamani kibaki. Mimi nasema zimezaliwa tumbo moja. Zote mbili zinakubaliana kwamba mtu wa Misungwi hawezi kuwa mbunifu wa chombo anachopandia. Ama atakipokea kutoka kwa wageni, ama atakirithi kutoka kwa marehemu. Nazipinga zote mbili, na nitaanza na hiyo ya mzee kwa sababu ndiyo tamu zaidi.

Mbachao ni mkeka wako wa zamani, uliochakaa lakini ni wako. Haya, mbachao wetu hapa ziwani ni upi? Mtumbwi wa mbao, watajibu. Lakini mtumbwi huo wa mbao zilizopigiliwa misumari na kufungwa injini nyuma si ule wa mababu. Zamani magogo yalichongwa, na visiwani Ssese, upande wa Uganda, mafundi waliunganisha mbao kwa kuzishona. Misumari ilikuja baadaye. Injini ilikuja baadaye zaidi. Nyavu za nailoni nazo zilikuja. Sangara mwenyewe, ambaye leo tunamwita samaki wetu, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Kila kizazi kilitandika msala uliokuwa unapita, kikaulalia mpaka ukawa mbachao.

Ngalawa nayo ni hivyo hivyo. Mtu wa Kilwa, Mafia au Unguja atakuambia ni chombo cha wazee wake, na hasemi uongo. Ni mtumbwi mwembamba, mara nyingi wa gogo la mwembe, wenye mirengu miwili kushoto na kulia inayouzuia usipinduke, na tanga moja la pembetatu. Lakini wazo la kufunga kielea pembeni ya mtumbwi lilizaliwa mbali, kwa mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao kizazi chao kilivuka Bahari ya Hindi na kukaa Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kimalagasi mpaka leo ni ndugu wa lugha za Borneo. Watu wa pwani yetu waliliona wazo hilo, wakalipima kwa mawimbi yao, wakalifunga kwenye gogo la mwembe, mti ambao nao asili yake ni Asia, wakalipa jina. Hakuna aliyewaambia wanaacha mbachao. Au labda aliambiwa mmoja, akanyamaza, akaendelea kuchonga.

Kwa hiyo mzee wangu, shikamoo. Mbachao unaoulinda uliwahi kuwa mgeni. Aliyeukaribisha ndiye unayemwita babu.

Sasa niseme kwa nini najihangaisha. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa taa zinazoelea. Ndio usiku ambao hulioni wimbi mpaka limekugusa. Mawimbi ya ziwa letu hayafanani na ya bahari. Ni mafupi, yamesimama, yamefuatana karibu karibu, na upepo ukigeuka ghafla mtumbwi uliojaa samaki huanza kuyanywa moja baada ya jingine. Mtumbwi wao ulikuwa unavuja tangu jioni. Mmoja alikuwa anakumba maji muda wote. Walikuwa wanne, wakarudi wawili. Yeye tulimpata siku ya tatu.

Nchi hii inakumbuka ajali za vyombo vikubwa, na inastahili kukumbuka. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, zaidi ya watu 800. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, mita chache kutoka gati la Ukara, zaidi ya watu 220. Pale Igoma kuna makaburi, na kila mwaka mashada huwekwa. Mitumbwi haina mashada. Inapotea miwili miwili, mitatu mitatu, na matanga yakiisha mbao zilizookotwa hupigiliwa tena. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipotua majini Bukoba na watu 43 ndani, wavuvi wenye mitumbwi ya mbao na makasia ndio waliofika kwanza. Taifa likawapigia makofi, kwa haki kabisa. Mimi nilijiuliza: baada ya makofi, nani aliuliza habari za ule mtumbwi? Nani alisema, kama hiki ndicho chombo kinachofika kwanza, basi tukiboreshe?

Sisi Misungwi tumepata daraja. Tangu Juni 2025 mtu anavuka Kigongo hadi Busisi kwa gari dakika chache, pale tulipokuwa tunalala kwenye foleni ya kivuko na kula mahindi ya kuchoma mpaka tukachoka nayo. Nalipenda lile daraja. Lakini daraja halivui dagaa, na halifiki Kome wala Ukerewe. Kilomita chache kutoka kwenye zile nguzo, watu wanaingia majini jioni na mtumbwi unaozibwa nyufa kwa pamba.

Pamba yenyewe haina kosa. Hii ni nchi ya pamba, Ukiriguru ipo hapa hapa wilayani. Kosa liko kwenye mbao. Fundi ninayefanya naye kazi amejenga mitumbwi kwa miaka zaidi ya thelathini. Anasema zamani ubao ulitoka kwenye mti mzee, mzito, uliokauka vizuri, na mtumbwi ulimkuta mtoto wa mwenyewe akioa. Siku hizi ubao anaoletewa ni mbichi. Anaupigilia leo, jua linaupasua mwezi ujao. "Mimi najenga kaburi," aliniambia, "halafu nalipwa." Hakuna mpenzi wa mila aliyewahi kunijibu sentensi hiyo.

Tunachojenga ni hiki. Urefu mita 6, upana wa kiwiliwili sentimita 60, na kielea pembeni. Chombo chembamba hukata maji kwa urahisi, kwa hiyo kinahitaji injini ndogo na petroli kidogo, lakini peke yake kingepinduka kama baiskeli iliyosimama. Kielea kikiwa mbali na kiwiliwili kinakipa miguu mipana. Ukuta wake ni wa tabaka tatu: ngozi nyembamba ya nyuzi za kioo na epoksi nje, povu katikati, ngozi nyingine ndani. Chukua boksi la sabuni ulipasue uone. Ni karatasi mbili tu, na katikati karatasi nyingine iliyokunjwa mawimbi. Ukizibandika zile karatasi pamoja zinapinda kwa kidole, ukizitenganisha kidogo zinabeba katoni nzima. Ndiyo siri yote. Ukiongeza umbali kati ya ngozi mara mbili, ugumu wa kupinda huongezeka karibu mara nne, na uzito huongezeka kidogo tu. Chombo chetu kizima kina uzito wa kilo 90. Watu wanne wanakibeba mpaka kivulini. Na kikijaa maji hadi ukingoni hakizami, kwa sababu povu liko ndani ya ukuta. Mdogo wangu angekuwa na kitu cha kushikilia mpaka asubuhi.

Hapo ndipo msomi mwenzangu anaponikatiza. "Boti za faiba zipo. Serikali yenyewe inazikopesha." Ni kweli. Januari 2024 Rais alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki, na sitakuwa mtu wa kuudharau mkopo unaomtoa mvuvi kwenye ubao mbichi. Shida yangu iko kwingine. Boti iliyochorwa na mtu asiyejua mwalo wako ni mgeni anayekaa sebuleni: unamheshimu, lakini akiugua hujui alale wapi. Nimeona boti ya faiba imegeuzwa juu chini nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani, kwa sababu ya ufa ambao ungezibwa mchana mmoja. Hakukuwa na mtu wa kuuziba. Mwenye boti alikuwa amerudi kwenye mtumbwi wa mbao, unaovuja, ambao fundi wake yupo.

Na kuna jambo ambalo duka halina. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonigeuza mimi mwenyewe.

Nilichora ngalawa yenye mirengu miwili, kama ya pwani. Nikaenda kwa fundi na michoro kwenye kompyuta. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama michoro kwa adabu. Akauliza, "Wavu unavutiwa wapi?" Nikakaa kimya. Dagaa huvutwa kwa ubavu wa chombo. Mrengu ukiwa upande huo, wavu utaufunga, utapasuka, na watu watakuwa wanapigana na chombo badala ya kuvua. "Na mwaloni," akaendelea, "mitumbwi inalala ubavu kwa ubavu. Hii yako itachukua nafasi ya watatu, watakuchukia." Akakuna kidevu. "Kwa nini usiweke mmoja? Upande mmoja mkono, upande mwingine kazi."

Huko visiwa vya Pasifiki mitumbwi mingi ina kielea kimoja tu. Fundi hajafika Pasifiki, na sidhani kama amewahi kuona picha. Amefika jibu lile lile kwa kuufikiria wavu.

Tukatengeneza mmoja, safari hii kwa epoksi. Tukashusha chombo majini, vijana wawili wakasimama upande wa kuvutia na kuinama kama wanavuta. Kielea kikanyanyuka hewani chote, vijana wakaruka majini. Wepesi ule niliouhangaikia mwaka mzima ulikuwa umenigeuka. Kielea kimoja kinakuzuia usiangukie upande wake kwa kuelea, lakini kinakuzuia usiangukie upande wa pili kwa uzito wake, na chetu hakikuwa na uzito. Nikaanza kuongea habari za kuongeza tabaka, yaani kukifanya kizito. Fundi akaniuliza kama ziwa limekauka. Tukatoboa tundu juu ya kielea, tukaweka kifuniko cha dumu, na sasa ukiingia majini unamimina lita 20. Kielea kikitaka kunyanyuka lazima kinyanyue na maji hayo. Ukirudi unayamwaga, na watu wanne wanabeba kama kawaida.

Wazo hilo, kielea kimoja chenye tumbo la maji kwa ajili ya wavu wa dagaa, hutalikuta kwenye kontena lolote linaloshushwa bandarini. Si kwamba huko hawana akili. Hawana wavu huo.

Wasomi wa Afrika Mashariki tunao mfano karibu, tunaupenda, na nadhani tunausoma vibaya. Mwaka 2018 Lamu ilishusha majini Flipflopi, dau lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya kandambili za rangi rangi. Mwaka uliofuata lilisafiri mpaka Zanzibar, na mwaka 2021 Flipflopi ilizunguka ziwa letu hili. Tulichoshangilia ni plastiki. Tulichopaswa kushangilia ni kwamba aliyeongoza ujenzi alikuwa Ali Skanda, fundi wa Lamu, anayejua umbo la dau kwa mikono. Malighafi ilikuwa mpya, na kazi ikawekwa kwa mwenye kazi. Hapo ndipo somo lilipo, na halihitaji bahari.

Sitaki kukudanganya kwamba povu na epoksi ni malaika. Vumbi la nyuzi za kioo linawasha ngozi na kuharibu mapafu. Tunasaga tukiwa na barakoa, upepo ukiwa mgongoni, na watoto hawaruhusiwi kusogea. Joto letu linaharakisha epoksi: siku moja nilikoroga ndoo kubwa ili nimalize haraka, ikachemka yenyewe, ikatoa moshi, ikaganda na mti wa kukorogea ndani. Pesa ya mbuzi wawili. Tangu siku hiyo tunakoroga kidogo kidogo, alfajiri. Na chombo hiki kikifa hakiozi kama ubao. Kikiachwa ufukweni kitamomonyoka na kuingia kwenye maji tunayokunywa. Nimefikiria katani, nyuzi zetu wenyewe, lakini katani hunyonya maji na nguvu yake haifikii kioo, na sitamweka mtu katikati ya ziwa usiku ili nionekane mzalendo. Labda siku moja, ikitibiwa vizuri. Haya yote ni maswali ya kweli. Ila nani atayajibu kama hatujengi? Mnunuzi haulizi maswali hayo. Yeye huuliza bei.

Nilikwenda ofisi moja kuuliza namna ya kukisajili chombo cha majaribio. Kijana aliyenipokea alikuwa na heshima, wala sina ugomvi naye. Alifungua fomu. Aina ya chombo: mtumbwi, boti, meli. "Hiki ni nini?" Nikasema ni ngalawa ya kielea kimoja, ya majaribio. Akasoma orodha tena kana kwamba labda limejificha. Mwisho akanishauri, kwa nia njema, nikikamilishe kwanza, halafu nije. Lakini chombo cha majaribio hakikamiliki bila kujaribiwa, na hakijaribiwi kihalali bila kuwa na jina. Nikamshukuru, nikaondoka. Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kuna fomu tu, iliyotungwa na nchi isiyotarajia raia wake kuja na kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Basi ninachodai ni haya, na wewe uliyesoma unisaidie kuyadai. Kwanza, fomu iongezwe mstari mmoja: chombo cha majaribio, chenye mipaka yake, kisipite umbali fulani kutoka ufukweni, kila aliyemo avae boya, na kijaribiwe mchana. Pili, vyuo vinavyofundisha uvuvi na uhandisi viwaajiri mafundi wa mialoni kama walimu, kwa mshahara, sio kuwaalika siku ya maonyesho wakavalishwa fulana na kupigwa picha. Tatu, kila boti inayokopeshwa iende na mafunzo ya kuiziba, na resini ya akiba, kwa angalau kijana mmoja wa mwalo ule. Nne, na hili halihitaji serikali: tuache kucheka kitu kilichoshindwa mara ya kwanza kana kwamba kimeshindwa milele. Watoto waendelee kucheka. Nawaambia sisi tulio na vyeti.

Maana nimegundua kwamba tunamsamehe haraka aliyenunua kitu kibovu kuliko aliyejenga kitu kikashindwa. Wa kwanza tunasema ametapeliwa, pole sana. Wa pili tunasema alijifanya. Jamii inayofikiri hivyo itapokea mpaka kiama, na kila inachopokea kitavunjika mikononi mwake bila fundi.

Wiki iliyopita mti wa mbele unaoshika mrengu wetu wa pili ulipasuka kwenye kiungo, wimbi likiwa dogo tu. Tuliufunga kwa kamba, tukarudi tukipiga kasia, injini imezimwa, chombo kikiwa salama chini yetu. Yule mzee wa mbachao alikuwa ufukweni. Hakusema methali. Aliinama, akauangalia ule ufa kwa muda mrefu, akauliza, "Hapa mlifunga au mligundisha?" Nikamwambia tuligundisha. "Hapa pangefungwa," akasema, "panataka kucheza kidogo." Fundi akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi tunakata mrengu wa tatu. Huo tutaufunga.